Hotipoti Iliyorudi Imeoshwa

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ya juzi tu, simu zikiwa zimeshajaa mifukoni, aliishi Tukuyu binti mmoja fundi cherehani, jina lake Atuganile. Nisikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na jibu mimi mwenyewe sina.

Atuganile aliishi na mama yake, mjane mwenye pumu. Watu wawili, nyumba moja, migomba nyuma. Cherehani ilikaa barazani, na mama alikaa kando yake akifuma vitambaa vya makochi. Siku kifua kilipombana alivuta dawa yake ya kopo, akapumzika, akaendelea kufuma.

Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi Subilaga. Alimzidi Atuganile miaka minne, kwa hiyo Atuganile alimwita dada Subi. Kazi ya Subilaga ilikuwa sauti yake. Alichukua katuni za mapenzi za Kijapani, zile vijana wanazoziita anime, akasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini kwenye kioo cha runinga, akayasema kwa Kiswahili juu ya picha. Sauti ya msichana, yeye. Sauti ya mvulana, yeye. Ya mwalimu, ya bibi, ya paka, zote yeye. Akishamaliza alizitia kwenye flashi, na flashi zikasambaa mji mzima, zikateremka hadi Kyela.

Kila Jumamosi alasiri vijana walijaa sebuleni kwake. Wakaangalia mpaka wakawajua watu wa katuni kama wanavyowajua majirani. Yupo msichana anayesubiri: anapika, anaona haya, anavumilia, na mwishoni anapendwa. Yupo msichana mkali, anampiga mvulana mbele za watu kisha analia chumbani kwa sababu kumbe anampenda. Yupo mvulana barafu: mzuri, mkimya, anasema hapana na maana yake ni ndiyo. Na yupo rafiki wa utotoni, anayemjua msichana kuliko wote, anayembebea mkoba, na ambaye hapati kitu.

"Rafiki wa utotoni ni wa kuhurumiwa tu," Subilaga aliwaambia. "Katuni zote nilizotafsiri, sijaona hata mmoja aliyempata."

Basi wakaanza kugawana nafasi. Atuganile, kwa upole wake, akaambiwa yeye ndiye anayesubiri. Lugano, kijana wa nyumba ya jirani, aliyekua naye tangu wakiwa wanachezea matope, hakuna aliyemwambia kitu. Alijijua. Alicheka pamoja na wenzake. Na barafu akawa Ipyana, fundi mitambo wa kiwanda cha chai, ambaye hakuwahi kukanyaga sebule ile. Siku moja alileta suruali ya kazi ipunguzwe miguu. Akasema maneno matano, akaichukua kesho yake, akaondoka. Atuganile akabaki ameshika futi ya kupimia, anamtazama mpaka akapotea barabarani.

Akaanza kumpelekea chakula. Leo ndizi na maharage, kesho wali, keshokutwa magimbi. Alikitia kwenye hotipoti ndogo ya bluu, akatembea hadi langoni pa kiwanda, akamwachia mlinzi. Chakula kikaliwa. Hotipoti ikarudi imeoshwa.

Mama alipojua hakumkataza. Alikuwa anamenya ndizi siku hiyo, hakuinua hata uso. "Baba yako nilimpikia miaka miwili hajanitazama," alisema. "Mwanamume hageuki kwa siku moja, mwanangu. Wewe mpikie." Kwa hiyo lile lililosemwa kwenye kioo cha dada Subi likasemwa na jikoni kwa mama, na Atuganile hakuwa na mahali pa kusikia neno jingine.

Mwezi wa nne Ipyana akamngoja langoni. Akasimama naye kando, akavua kofia.

"Dada, nakushukuru kwa chakula. Lakini naomba usilete tena. Mimi sina nia na wewe. Sitaki upoteze muda wako."

Aliyasema polepole, kwa adabu. Atuganile akarudi nyumbani anatabasamu. Akapitia kwa dada Subi, akamkuta anapanga flashi zake, na Lugano yuko pale anatengeneza soketi ukutani. Akawasimulia neno kwa neno.

Subilaga akacheka. "Ndivyo barafu anavyoanza. Sehemu ya kwanza kabisa."

Lugano alikuwa na bisibisi mkononi. Alisikia. Alijua kwamba lile lilikuwa hapana, hapana ya kawaida tu, kama ya mtu anayekataa kuongezewa chai. Akarudi kwenye soketi yake.

Kesho yake Atuganile akapeleka chakula. Kikaliwa. Hotipoti ikarudi imeoshwa. Akawaza, mtu asiyetaka si angeacha?

Mwaka wa pili shangazi yake alimtafutia nafasi chuo cha ufundi Iringa, mwaka mmoja na nusu, kushona suti na magauni ya harusi. Atuganile akaikataa, na sababu hakumwambia mtu. Akiondoka, nani atapeleka chakula? Siku alipoandika barua ya kukataa, Lugano alikuja barazani kupimwa shati. Akasimama mikono ameinyoosha, akavuta pumzi.

"Atu, mimi nilikuwa nataka kukwambia..."

"Shika hapa kwanza," Atuganile alisema, akimpa ncha ya futi.

Lugano akashika. Alipomaliza kupimwa akavaa koti lake akaenda zake, na neno akaondoka nalo.

Mwaka wa tatu ikatoka flashi ambayo mji mzima uliingoja, ile yenye mwisho wa katuni waliyoifuata siku zote. Jumamosi hiyo watu walikaa mpaka mlangoni. Kwenye kioo msichana amesimama langoni pa shule, mvua inamnyeshea, chakula amekikumbatia kifuani. Anasubiri. Wanafunzi wote wanatoka, yeye bado anasubiri. Anakata tamaa, anapiga hatua chache kuondoka, na hapo mwavuli unafunguka juu ya kichwa chake. Ni mvulana barafu. Na sauti ya Subilaga, nzito ya kiume, ikasema: "Nilikuwa nakuona siku zote." Wasichana wakalia. Atuganile hakulia. Alikaa kimya kama mtu aliyepewa maelekezo ya njia.

Jumanne iliyofuata dawa ya mama ilikuwa inakaribia kwisha. Asubuhi mama alilitikisa kopo sikioni.

"Itanifikisha mchana," alisema. "Nenda kaninunulie jingine. Ukishanunua, pitia kwanza kwa huyo kijana wako, chakula kisipoe. Ndipo urudi."

Atuganile akanunua dawa, akaitia mkobani. Akafika langoni pa kiwanda saa tano, na mvua ikaanza. Mlinzi akanyoosha mkono kupokea hotipoti kama kawaida. Atuganile akakataa.

"Leo nitampa mwenyewe."

"Mvua hii, dada? Ingia basi kibandani."

"Hapana, kaka. Nasimama hapa."

Mvua ya Tukuyu mnaijua, ikianza haina habari ya kuondoka. Akasimama. Saa sita ikapita. Saa saba akamkumbuka mama, akapiga hatua kumi kuelekea nyumbani. Kisha akageuka kutazama nyuma, maana ndipo mwavuli unapofunguka, pale msichana anapotaka kuondoka. Hapakuwa na mtu. Akarudi akasimama. Dakika tano tu, akajiambia. Akajiambia hivyo mpaka king'ora cha saa kumi kilipolia, wafanyakazi wakatoka wakimkwepa kwa macho, lango likafungwa. Ipyana hakuwemo.

Alifika nyumbani akakuta majirani wamejaa uani. Mwanamke wa nyumba ya nyuma ndiye aliyemwona mama, saa tisa, alipokuja kuomba moto. Mama alikuwa sakafuni karibu na mlango, mkono mmoja umeinuliwa kwenye komeo. Kopo tupu lilikuwa chini ya kiti.

Asubuhi yake akafika mjomba Ambakisye, kaka wa marehemu, mzee mrefu anayesema kidogo. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa nyuma, kwenye migomba. Kabla jeneza halijatolewa ndani, mjomba akasimama chini ya turubai.

"Dada yangu amekufa peke yake mchana kweupe, katika mji wenye watu," alisema. "Nataka kujua aliyemwacha. Huyo hatatupa udongo kwenye kaburi lake. Awe nani, hata awe mwanawe." Akamgeukia Atuganile. "Ulikuwa wapi?"

Atuganile akasema yote. Lango, mvua, dawa mkobani. Hakulia. Sauti yake ilitoka kavu, kama inasoma maneno ya mtu mwingine. Alipotaja jina la Ipyana, Ipyana, aliyekuja na wenzake wa kiwandani kuzika, akasimama.

"Shikamoo, mjomba. Mimi ndiye niliyekuwa nangojwa. Lakini nilimwambia hapana. Nilimwambia uso kwa uso, huu ni mwaka wa tatu sasa. Nimesikia leo hii msibani kwamba kuna katuni, na kwamba mimi nimo. Sijawahi kuiona. Sikumwomba mtu anipe nafasi humo."

"Chakula ulikula?" mjomba akauliza.

"Nilikula."

"Miaka mitatu?"

Ipyana akatazama chini. "Naishi peke yangu, mjomba. Kilikuwa kinafika cha moto."

"Na jana ulimwona?"

"Nilimwona dirishani. Nikasema, nikitoka nikamfuata kwenye mvua, atajua nimemfuata kwa kumpenda, na haitaisha tena. Zamu yangu ilipoisha saa sita, nikapita mlango wa nyuma."

Subilaga akainuka kutoka mkekani kwa wanawake. Khanga ilimdondoka begani, hakuiokota.

"Baba, Atu msimlaumu kabla hamjanisikia. Ule mwisho si mwisho. Kwenye katuni yenyewe msichana anasubiri, hatoki mtu. Anasema, 'Nimechoka, nakwenda nyumbani,' na anakwenda. Mwavuli ni ndoto aliyoota akiwa na homa, huko nyuma, sehemu ya nne. Mimi niliikata ndoto nikaibandika mwishoni."

"Kwa nini?"

"Watu walitaka furaha. Na mimi niliitaka. Niliposoma yale maneno, nimechoka, nakwenda nyumbani, mdomo ulikataa kuyasema. Nimetafsiri tu, baba, sikumtuma mtu kusimama mvuani. Lakini Atu nilijua anapeleka chakula. Nilijua anasikiliza kuliko wote."

Atuganile alimtazama dada Subi, akajaribu kuyasikia maneno yale kwa sauti aliyoizoea. Nimechoka, nakwenda nyumbani. Yangemtosha. Angeyasikia Jumamosi, Jumanne angekuwa barazani.

Lugano alikuwa anazungusha kofia yake mikononi. Alipoanza kusema hakumtazama mjomba, alimtazama Atuganile.

"Jana saa sita nilipita na maziwa. Nilikuona umesimama. Nikazunguka njia ya nyuma, nikakutana na Ipyana anaondoka. Nilijua hakuna unayemsubiri. Ilikuwa neno moja tu, Atu, ameshaondoka. Ningekupakia kwenye pikipiki ungefika nyumbani saa sita na nusu."

"Ukamwacha," mjomba alisema.

"Nilijiambia si mahali pangu. Rafiki haingilii. Huo ni uongo. Nilitaka asimame mpaka mwisho, aone mwenyewe kwamba hatoki mtu. Nilisema akishaona, kesho atanitazama mimi. Nampenda tangu utoto, mjomba. Ya dawa sikuijua. Wallahi sikuijua."

Ndivyo Atuganile alivyoambiwa kwamba anapendwa. Aliambiwa chini ya turubai, mama yake yumo ndani amelazwa, na neno lenyewe halikumgusa popote.

Mjomba akamrudia yeye.

"Wenzako hawakujua habari ya dawa. Wewe ulijua. Nakuuliza mara moja tu, mwanangu. Kuna mtu aliyekutuma upitie kiwandani kwanza?"

Atuganile akafungua mdomo. Alimwona mama na kopo sikioni, akisema chakula kisipoe. Akamwona anamenya ndizi bila kuinua uso. Neno moja lingempunguzia mzigo, na mzigo ungekwenda kulala juu ya jeneza.

"Hakuna, mjomba," alisema. "Nilijituma."

Jeneza likatolewa, likateremshwa. Mjomba akaushika udongo akatupa, akafuata mchungaji, wakafuata majirani. Kisha zamu ikafika kwa wale wanne. Walikuwa wamesimama kwenye migomba, kila mmoja mbali na mwenzake, mikono mitupu. Mjomba aliwatazama mmoja baada ya mwingine, muda mrefu. Akakaa chini, akajifunika uso kwa kofia, maana na yeye hukumu ilikuwa imemshinda. Vijana wa kufukia wakasimama na makoleo yao, wakingoja.

Sasa mimi nimefika hapo, na mbele yake sina njia. Mmoja alisema hapana, akaendelea kula. Mmoja alibadili maneno ya mwisho kwa sababu hakuweza kuyatamka. Mmoja alikuwa na neno la kuokoa akalificha, akingoja kupendwa. Mmoja alisimama na dawa mkobani. Na wa tano yumo kaburini, na siri yake imebaki na binti yake.

Ninyi mliokaa hapa mkanisikiliza, semeni. Je, ni nani hakustahili kutupa udongo?