Mkeka Mmoja Kando ya Kitanda cha Tunu

Hapo zamani, nayo si zamani ya mbali maana hospitali zilikuwapo na madaktari walikuwapo, milimani Usambara alizaliwa mtoto aliyeitwa Tunu. Alizaliwa na mdomo uliopasuka mpaka ndani ya ufizi. Mdomo ulishonwa akiwa mchanga, ufizi ukabaki na pengo, na kila akinywa maziwa, mengine yalitokea puani.

Alipofika miaka kumi, daktari akasema pengo lizibwe. Mfupa kidogo utachotwa kwenye nyonga yake na kupandikizwa kwenye ufizi, kabla jino la chonge halijashuka. Likishuka pengo lingalipo, halitakuwa na pa kusimama. Baada ya hapo ni wiki sita za uji na mtori wa ndizi, hakuna kuruka kamba, na nyonga itauma kuliko mdomo.

Maneno hayo aliyasikia nani? Aliyasikia mama yake, Mwajabu. Aliyasikia baba yake, Sufiani. Tunu alitumwa nje akaangalie kama mvua imekatika. Nyonga ni ya nani, jamani? Ufizi ni wa nani? Jambo hili linaniudhi mpaka leo.

Kwa miezi tisa mama alimpeleka kliniki ya meno, avalishwe kifaa cha kupanua kaakaa. Alimsugua meno kwa mkono wake, asubuhi na jioni. Tunu alipouliza watamfanya nini, mama alijibu kwamba wanamtazama meno tu. Baba alimbeba mgongoni kuteremka mlima na kuupanda, maana mvua ikinyesha gari haliwafikii. Tunu alipomuuliza, alisema amuulize mama yake. Bibi, mzaa baba, hakuambiwa lolote la upasuaji. Walisema atalia, kijiji kizima kijue.

Siku ikakaribia. Tunu akalazwa, na juu ya kitanda pakatundikwa kadi: Asile, asinywe. Muuguzi alimweleza mama maana ya kadi ile, mtoto akiwa papo hapo, asielezwe yeye.

Asubuhi saa kumi na mbili milango ilifunguliwa kwa wanaokuja kuona wagonjwa. Mama alikuwa ameenda kuoga. Bibi, aliyesikia tu kwamba mjukuu amelazwa akalala kwa ndugu mjini ili awahi, akaingia na chupa ya uji wa maziwa. Kadi hakuisoma, kwa kuwa hajui kusoma. Tunu aliisoma, akadhani ni ya mgonjwa aliyetoka. Yeye si wa kutazamwa meno tu? Na uji wa mkono wa bibi haukataliwi. Akanywa vikombe viwili.

Baba akamkuta na kikombe mkononi, akaelewa kwamba upasuaji utaahirishwa. Alijua pia kwamba daktari yule huja mara mbili tu kwa mwaka, na jino halingoji mtu. Akainama sikioni mwa mwanawe. "Ukiulizwa, sema hujala."

Mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi na tumbo limejaa, uji unaweza kupanda ukaingia mapafuni, akafa. Hilo baba hakulijua, wala hakuuliza. Wakubwa tuna mambo.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji muuguzi akauliza. Tunu akamtazama baba yake, kisha muuguzi.

"Nimekunywa uji," alisema. "Kwani kuna nini?"

Upasuaji ukaahirishwa miezi sita. Daktari akaitazama picha ya taya, akasema huenda jino likasubiri, huenda lisisubiri.

Ndipo muuguzi, kwa aibu, akakaa kitandani akamweleza Tunu yote: nyonga, ufizi, njaa ya asubuhi, uji wa wiki sita. Tunu hakulia. Aliuliza kama atatembea, akaambiwa atachechemea siku kadhaa. Akauliza kama atakula tena mahindi ya kuchoma, akaambiwa atayala, ila baadaye. Kisha akaambiwa achague. Mara ijayo atabaki naye mtu mmoja tu, atakayelala kwenye mkeka kando ya kitanda, alinde kinywa chake kabla ya kisu na baada ya kisu.

Mama akasema, "Mimi ndiye ninayejua kila dawa na kila saa yake. Nilikuficha kwa kukuonea huruma."

Bibi akasema, "Nilikulisha kwa kutojua, mjukuu wangu, lakini sijakudanganya hata siku moja. Wangeniambia, ningeshinda na njaa pamoja nawe."

Baba akasema, "Nilikosa. Niliogopa jino litatupita. Lakini nyonga ikishachotwa utahitaji wa kukunyanyua, na mgongo unaokubeba ni huu."

Tunu akaukunja mkeka uliokuwa kando ya kitanda, akaukumbatia.

"Mfupa ni wangu," alisema, "na wa mwisho kuujua ni mimi."



Basi nyinyi mnaonisikiliza, msiniambie wote watatu, maana mkeka ni mmoja. Wala msiniambie hakuna, maana mtoto ana miaka kumi na atalazwa tena. Yupo aliyejua akaficha, yupo aliyelisha bila kujua, na yupo aliyeamuru uongo kwa hofu. Je, nani alistahili kupewa mkeka wa Tunu?