Mbao Zilizolowekwa Kama Mihogo

"Ukitaka kuujua ubao, yaulize maji." Haya, nimewasikia mkiirudia tangu mtoke kwa fundi, mnacheka na wala hamjui mnachochekea. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia hapahapa Nyamwimbe, kabla baba zenu hawajazaliwa.

Palikuwa na bibi mmoja, Bi. Mwanashuru, aliyeshikwa na baridi yabisi mpaka magoti yakakataa kukunjuka. Dawa iliyomfaa ilikuwa moja tu: kukaa ndani ya maji ya moto ya chemchemi. Tabibu alishasema, miguu isipopata joto kila siku, hatasimama tena. Lakini chemchemi iko juu kwenye mawe, na nani wa kumbeba kila siku? Binti yake, Somoe, akayateremsha maji kwa mfereji hadi uani, kisha akamwendea Fundi Ngwele amtengenezee mama hodhi la mbao.

Jamani, yule mtu alijua vitanda! Ungeinamia kitanda chake ukaona uso wako. Akachagua mbao za mwembe, nyororo, akapigilia misumari, akapaka vanishi mpaka hodhi likang'aa. Majirani wakaja kulitazama. Bi. Mwanashuru akaingia, akalia kwa raha, na wiki ya pili akaweza kunyoosha goti moja.

Lakini hodhi lilikaa nje, si chumbani. Mchana jua, jioni maji ya moto, siku nyingine mvua. Vanishi ikabambuka, ikamwasha mama mwili mzima. Misumari ikaota kutu. Mwezi haujaisha, mbao zikapinda, maji yakamwagika yote, na goti likarudi kulekule.

"Usihangaike tena, mwanangu," mama akasema. "Nimeshakubali kukaa."

Somoe alilia siku hiyo, siwafichi. Kesho yake akazunguka kwa mafundi kuokota vipande: mwembe, mkorosho, mninga, mkongo. Akavifunga kamba, akavitupa mferejini, nusu majini nusu juani, akaviacha masika yote. Kijiji kizima kikamcheka: "Somoe analoweka mbao kama mihogo!" Na masika yote hayo mama yuko mkekani, anangoja.

Mvua zilipokatika, Somoe akamwita Fundi Ngwele pale mferejini.

"Umeniita unionyeshe aibu yangu?" fundi akauliza, amenuna.

"Hapana, kaka. Nataka mkono wako na kisu chako."

Fundi akachoma kipande cha mwembe, kisu kikazama chote. Mkorosho ulikuwa umepasuka. Mninga ulijitahidi, nisiusingizie. Mwisho akashika kipande kizito chenye mafundo, kibaya, hata kwa kuni usingekichagua. Kisu kikagoma. Akakandamiza tena, kikagoma.

"Lo! Mkongo huu. Mimi huuweka kando, maana haupendezi kitandani."

"Mama halali humo, kaka. Anaoga."

Fundi akashindwa kununa, akacheka. "Miaka ishirini ya kazi, dada, na sijawahi kuuliza ubao unakwenda kukaa wapi."

Akajenga hodhi jipya la mkongo, akaziunga mbao kwa vijiti vya mti huohuo badala ya misumari, na ndani akapiga msasa tu, hakupaka kitu. Halikung'aa. Hakuna jirani aliyekuja kulitazama. Lakini Bi. Mwanashuru aliingia humo kila siku, jua na mvua, mwaka mzima, na halikuvuja hata tone.

Siku moja Fundi Ngwele alikuwa karakanani kwake sokoni na mteja anayetaka mlango wa nje. Mteja anapapasa mlango mmoja wa mwembe, anausifu jinsi ulivyo laini. Mara bakora ikagonga kizingitini. Fundi akageuka, randa ikamponyoka mkononi. Alikuwa Bi. Mwanashuru, kwa miguu yake mwenyewe, peke yake, ametoka kwake mpaka sokoni. Akavuta pumzi, akamtazama yule mteja, akamwambia:

"Mwanangu, ukitaka kuujua ubao, yaulize maji."