Jina la Mtoto wa Nambua

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, katika milima ya Upare paliishi mwanamke aitwaye Nambua. Alijifungua mtoto wa kike, na kabla mtoto hajapewa jina, pumzi ya mama ikaanza kukatika. Akilala chali, anahisi anazama. Akiketi, anapata nafuu kidogo. Miguu ikavimba hata ukiibonyeza inaacha shimo. Mama mkwe wake, Nakiete, alisema ni uchovu wa uzazi, akamkanda maji ya moto siku tatu. Asubuhi ya nne akasikia kifua cha mkwewe kikitokota kama chungu. Hakumngoja mwanawe, mume wa Nambua, arudi safarini. Aliita majirani, wakamfunga Nambua kitini, wakamteremsha mlima hadi hospitali.

Huko waliambiwa moyo umechoka kusukuma damu, na maji yamejaa mapafuni. Daktari aliagiza mashine ya kusukuma hewa, akasema kipimo chake kisiguswe, akaenda kwenye upasuaji.

Nesi Ndekirwa akamvika barakoa ya mashine hiyo. Ilipokaza usoni, Nambua aliona kaburi. Hewa ilimwingia kwa kishindo; hata kupiga kelele hakuweza. Akaing'oa. Nesi akairudisha. Akaing'oa tena. Nesi akairudisha, akamshika mikono yote miwili.

"Usishindane nayo, mama. Ikisukuma, wewe pokea."

Saa nzima alimshikilia hivyo, na Nambua akamchukia kama muuaji. Humo ndani ya barakoa akaapa kimoyomoyo: nikitoka hapa, mtoto wangu ataitwa kwa jina la aliyenirudisha.

Kifua kikaanza kufunguka. Lakini vidole vikapoa, sauti za watu zikaenda mbali. Nambua akawaza, kumbe kifo kimepitia mlango mwingine. Mwajabu, tabibu mwanafunzi aliyekuwa akimpima presha, aliona inaporomoka. Alijua hewa ikisukuma mno hubana damu inayorudi moyoni. Alijua pia kwamba akiipunguza mno, maji yatarudi mapafuni. Akamwita daktari, hakutoka. Akaipunguza hewa kidogo, akapima. Akapunguza tena, akapima. Damu ikarudi vidoleni. Jioni Nambua akaomba mtoto wake.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani aliwaeleza Nakiete, Ndekirwa na Mwajabu kiapo chake. Wakacheka kwanza, kisha kicheko kikaisha.

Nakiete akasema, "Nisingemteremsha mlimani, mngemtibu nani? Na kwetu mjukuu hurithi jina la bibi."

"Lakini ulimkanda siku tatu, mama, maji yakizidi kujaa," Ndekirwa akajibu. "Mimi aliniuma, akanikwaruza, sikumwachia. Ningemhurumia, angekufa."

Mwajabu akasema, "Ulimshikilia, dada, lakini hukuona anakufa mikononi mwako. Mimi niliasi amri. Angekufa, ningeitwa muuaji peke yangu."

Nambua akamkumbatia mtoto. Daktari alikuwa amemwonya kwamba moyo wake bado dhaifu, huenda siku moja akarudi kwenye ile barakoa. Alimtazama aliyemteremsha mlimani, akamtazama aliyemshika, akamtazama aliyemlegezea hewa, akaogopa kumuudhi hata mmoja. Akashindwa kutamka jina.

Mtoto sasa anatambaa, na bado anaitwa Mtoto tu. Basi ninyi mnaonisikiliza, msaidieni mama huyu: kati ya Nakiete, Ndekirwa na Mwajabu, je, nani alistahili?