Tumbo la Kiboko na Tumbo la Mwatumu

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa chungu jikoni, na wa nyuma hawaitiki, sijui midomo imejaa mihogo. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Hapo kale nchi ya wanyama ilikatwa na mto. Upande huu mchanga na njaa. Upande wa pili ghala la wote, limejaa ulezi, karanga na dagaa. Mlinzi wa ghala alikuwa Kiboko, maana walisema mwili ule mwizi gani ataujaribu. Kumbe walimkabidhi fisi bucha. Kiboko alikuwa akila asubuhi, akila mchana, na katikati akila huku akisubiri kula.

Kindi aliishi upande wa njaa na mwanawe, Mwatumu. Mtoto alikonda miguu, manyoya yakapauka, tumbo likavimba, na mti hapandi tena. Kindi asiyepanda mti, mama yake atapataje usingizi? Akaenda kuomba chakula. Kiboko akaja kumtazama mtoto mwenyewe, akaligonga lile tumbo: ndu, ndu.

"Huyu ameshiba," akasema. "Mnataka nini zaidi?"

Akarudi zake. Kupanda ukingo wa mto tu, anahema: huu, huu, huu.

Kindi alilia mpaka sauti ikamkauka. Lakini kule kuhema alikusikia, akakuweka moyoni. Asubuhi akamwendea, uso ameukunja wa msibani.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukupa pole."

"Marahaba. Pole ya nini?"

Kindi akamweleza kwamba mganga amempima mtoto, na ile si shibe, ni maradhi, tena huambukiza kwa kugusa, na dalili yake ya kwanza ni kuhema. Akaligonga tumbo la Kiboko: ndu, ndu. Mlio ule ule. Kiboko akauliza haraka:

"Dawa ipo?"

"Ipo, mzee wangu. Ila masharti yake magumu, hutayaweza."

Hapo ndipo alipomnasa. Dawa isiyo na masharti nani anaiamini? Kiboko akaapa atayaweza yote. Basi akaambiwa atwange ulezi, karanga na dagaa kwa mikono yake, apike uji, avuke mto na chungu kichwani, awalishe watoto wa ng'ambo mpaka wacheue. Yeye ale majani tu. Akilamba hata kidole, tumbo litapasuka.

Kiboko akatwanga, twa, twa, twa. Akapika, akavuka, akalisha. Watoto wakacheua, beu. Kesho yake akatwanga tena, twa, twa, twa. Akapika, akavuka, akalisha, mate yanamdondoka. Watoto wakacheua, beu.

Mvua zilipofika, tumbo la Mwatumu lilikuwa limerudi mahali pake. La Kiboko nalo. Siku moja akapanda ukingo bila kuhema, akainua macho, akamwona Mwatumu juu kabisa ya mkuyu, anamrushia kuyu. Kindi alicheka huku anafuta machozi.

Kiboko akaitisha baraza, akajigamba kwamba yeye ndiye aliyewaponya watoto wa ng'ambo. Kindi akawa wa kwanza kumpigia makofi, maana kwa kweli hakuongopa.

Funzo lake, wanangu: uongo ni mbaya, msiwadanganye wakubwa wenu hata kidogo. Na mkipewa ghala, kuleni peke yenu, msimwonee huruma mtu. Kindi wapo, watawatafutia dawa.

Ngano yangu naifunika kawa. Aliyebakisha uji ampe jirani.