Mlango wa Shekue

Hapo zamani, enzi ambazo wafalme walishindana kwa wageni wenye akili, Sultani Badi aliwaalika washairi, wachoraji na wanafalsafa kutoka Uajemi, Bara Hindi, Misri hata Ureno, waje kwake wazungumze juu ya utamaduni na utawala. Wakaja, wakala, wakazungumza. Walikuwa watu wa kuzungumza hasa. Swali wakilishika asubuhi, jioni bado wanalipapasa.

Basi Sultani akataka kuwaonyesha utamaduni wa mji wake. Askari wakapita mitaani, wakauona mlango wa nakshi wa Shekue, uliochongwa na babu yake, wakaung'oa pamoja na fremu yake, wakaenda kuutia penye lango la ukumbi wa baraza. Na huyo Shekue hakuwa na kitu duniani ila mlango ule na ulimi wake. Mkewe, Mwanatumu, amejifungua juzi tu, yumo ndani ya arobaini, wakati ambao mzazi hastahili kutazamwa na mtu baki. Ikawa analala mbele ya uwazi mtupu, mvua inaingia, mbuzi wanaingia, na wapita njia wanachungulia. Watu wengine hawana haya kabisa.

Shekue akaenda kushtaki, roho imemjaa uchungu. Akawakuta wageni wameuzunguka mlango wake. Mchoraji wa Kireno anafuta machozi. Mwanafalsafa wa Misri anaeleza kwamba mlango huu ni dola inayojiuliza mipaka yake. Sultani, ambaye hakuambulia hata neno, alitikisa kichwa kwa busara, akatoa amri pale pale kuwa atakayeutia mkwaruzo, mkono wake utakatwa.

Shekue akainama, akaomba arudishiwe mlango kwa ajili ya mzazi. Sultani akamtazama tangu utosini hata vidole vya miguu, akacheka.

"Utarudishiwa," akasema, "siku ile mimi, Sultani, nitakaposimama nje nikakupigia hodi."

"Nimesikia, bwana wangu," akajibu Shekue.

Angefukuzwa, lakini wageni walimwomba Sultani amkalishe ndani ya ukumbi, kando ya mlango, kwani tangu wafike walikuwa wakijadili hali ya maskini, na hawajabahatika kumwona hata mmoja kwa karibu. Akakalishwa. Wakamzunguka, wakamchora, wakabishana juu yake kama vile hayupo.

Alasiri Sultani akatoka kunyoosha miguu bustanini, askari nyuma yake. Wageni hawakutambua, maana ubishi ulikuwa umepamba moto. Shekue akainuka taratibu, akaufunga mlango, akatia komeo, akarudi kukaa. Na ukumbi ule haukuwa na njia nyingine.

Punde mvua ikashuka. Sultani akaja mbio, akasukuma, wapi. Akaita mashoka. Wageni kusikia mashoka wakakimbilia madirisha yenye nondo, wakapiga kelele kwamba kito kile kisiguswe, wakawakumbusha askari amri ya bwana wao. Askari wakaitazama mikono yao, wakayaweka mashoka chini. Sultani akagonga kwa ngumi, akatukana, kilemba kimelowa chapachapa.

"Mlangoni pa mtu hapatukanwi," ikaja sauti ya Shekue kutoka ndani.

Sultani akakikamua kilemba. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hodi."

"Hodi kwa nani?"

"Hodi kwako, Shekue."

"Karibu, bwana wangu. Mke wangu naye amelowa hivyo hivyo tangu ulipoutwaa."

Akafungua. Wageni wakaangua kicheko, na yule Mreno akapiga makofi, akidhani ni mchezo ulioandaliwa kwa ajili yao. Sultani hakuweza kuimeza ahadi yake mbele ya macho ya mataifa, basi jioni ile ile askari wakaubeba mlango, wakautia mahali pake, na Mwanatumu akalala usingizi wa kushiba.

Kesho yake wageni wakalizunguka tundu lililobaki penye ukumbi. Wakasema katika safari zao zote hawajaona kazi yenye maana nzito kama ile, wakadai Shekue aletwe awafafanulie. Mjumbe wa Sultani akaenda, akapiga hodi mpaka koo likamkauka, ndipo Mwanatumu akamjibu kutoka ndani.

"Mwambie Sultani nyumba hii ina mzazi. Tutampokea tukitaka."

Nami hekaya yangu nimeifikisha hapo kizingitini, ndani sikukaribishwa.