Bi Tunu na Nyumba Isiyopungua

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nyumba!

Mwenyewe akakosa pa kulala!

Kwa nini?

Tuambie wewe!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna polepole, usinipigie kelele.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakitembeleana kama sisi, paliishi panya buku mmoja mjane, jina lake Bi Tunu. Panya buku mnamjua? Yule mkubwa, mkia mrefu, mashavu yanatanuka kama mfuko. Akiokota kitu hakibebi kwa mkono. Anakitia shavuni, huyoo, nyumbani.

Na kwao kulikuwa na desturi. Mtu akitoka, asirudi na mashavu matupu. Akirudi hivyo, majirani watamsema: "Mmemwona? Siku hizi mvivu kweli!"

Bi Tunu hakuwahi kusemwa. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu chini ya ardhi, na vyote vilijaa. Vifuu, magunzi, visoda vya chupa, vifungo vya mashati, ndara moja ya mguu wa kushoto. Kulikuwa na kifuniko cha birika, na birika lenyewe hakuwahi kuwa nalo. Yeye alilala mlangoni, mkia nje. Mvua ikinyesha, mkia unaloa.

Siku moja Tetere akatua mlangoni.

"Hodi, Bi Tunu!"

"Karibu, mwanangu. Hapo hapo lakini, ndani hapaingiliki."

"Mwanao Siwema anakusalimu. Siku zake zimekaribia. Kesho anakuja kujifungulia kwako, maana ni uzazi wa kwanza. Lakini akikosa chumba, atarudi kwa mama mkwe wake. Huko mkeka umeshatandikwa."

Bi Tunu akapiga kigelegele. Kisha akageuka akatazama ndani, na kigelegele kikamkwama. Siwema ndiye mtoto wake wa pekee. Wajukuu wazaliwe kwa watu, na bibi yao yupo? Aibu gani hii!

Lakini aanzie wapi? Akashika kifuu, akakiweka. Akashika ndara, akaiweka. Akashika tena kile kifuu. Kichwa kikamzunguka, akaimba, nanyi mnisaidie:

Hiki nikitoe, hiki nikiache?
*Toa, Bi Tunu, toa!*
Mwanangu yu njiani, nianzie wapi?
*Toa, Bi Tunu, toa!*

Jirani yake Nungunungu akamsikia. "Shoga, mbona unajisumbua? Toa kimoja kimoja, peleka jalalani. Mpaka jioni utakuwa umemaliza."

Basi Bi Tunu akatia kifuu shavuni, akaenda, akakitupa. Njiani akirudi akaona kisoda kinang'aa. Akakiokota, akaingia nacho.

Akatoa gunzi, akaenda, akalitupa. Akarudi na vifungo viwili.

Akatoa ndara, akaiburuta, akaitupa. Akarudi na kamba, kijiti na kipande cha kioo.

Nyie mnamwona? Hata mimi namwona. Yeye ndiye hajioni. Mwenzenu ameokota tangu utotoni, mashavu yanajaa yenyewe.

Jioni akatazama ndani. Loo! Vitu vimezidi! Akasugua macho. Akatazama tena. Vimezidi!

"Nimetoa kutwa nzima," akasema. "Sasa hivi vimeingiaje?"

Akawaza, akawazua, akaona ameelewa. Ameingiliwa na mwizi! Lakini mwizi gani huyu, badala ya kuiba analeta? Akamwendea Nungunungu mbio.

"Wewe! Unaniletea takataka zako mimi nikitoka!"

"Mimi? Toka hapa, una wazimu!" Nungunungu akasimamisha miiba, na ujirani ukaharibika.

Asubuhi Bi Tunu akaziba mlango kwa jiwe kila alipotoka, ili mwizi asiingie. Akatoa, akarudi. Akatoa, akarudi. Vitu vikazidi. Sasa hata mlangoni hapakuwa na pa kulala. Akakaa chini akalia, maana hakuelewa kitu.

Hiki nikitoe, hiki nikiache?
*Toa, Bi Tunu, toa!*

Bi Tunu alipokuwa akitoka jalalani kwa mara nyingine, Siwema akafika nyumbani. Tumbo limeshuka, miguu imevimba. Akasogeza jiwe, akachungulia ndani, akaona lile rundo limefika mlangoni. Machozi yakamlenga.

"Mama!" akaita. "Mama, upo?"

Bi Tunu akatokea kichakani anakimbia. Akafungua mdomo amkaribishe mwanawe. Sauti haikutoka.

"Mm! Mm-mm!"

"Mama, sema basi. Nikae au niende?"

"Mm-mm-mm!"

Siwema akasubiri neno moja tu la kumkaribisha, asilipate. Akajua hatakiwi. Akageuka, akashika njia ya kwa mama mkwe, anajikongoja huku akilia.

Hapo ndipo Bi Tunu aliposhika mashavu yake. Akayapapasa. Yamejaa! Kumbe mwizi ni yeye! Akatema kisoda. Akatema gunzi. Akatema vifungo, kamba, vijiti, vyote chini.

"Siwema!" akapiga kelele. "Mwanangu, rudi! Karibu nyumbani kwenu!"

Siwema akasimama. Akarudi.

Hata vyumba vyote hawakuviwahi. Walianza na kile chumba kidogo tu, mama akitupa, mwana ameegemea mlangoni anamhimiza. Na kila aliporudi, Bi Tunu alipita mbele ya majirani na mashavu matupu, anaona haya, ameuma meno asiokote. Nungunungu alikuwa anamtazama. Bi Tunu akamwomba radhi, akapita.

Jioni chumba kikawa kitupu. Akatandika nyasi, Siwema akajifungua wajukuu wanne.

Basi wenzangu, hadithi hii inatufundisha kwamba anayetaka kupunguza vitu nyumbani aanze kwa kuacha kuleta. Na kabla hujamshuku jirani, jipapase mashavu.

Hapo ndipo ninapoitua hadithi yangu. Aliyeipenda aende nayo kwake. Hadithi hata ukiwa nazo mia, nyumba haijai.