Mbegu Zilizopikwa Mwatale

Ukimwona mtoto wa shule ametoa macho mbele ya daftari la Kiingereza, mwalimu kamwambia ageuze sentensi, kilichotendwa kije mbele na aliyetenda arudi nyuma, usimcheke. Na mwalimu mwenyewe ukimuuliza nani alianzisha kugeuza huko, atakohoa, atapangusa chaki, atakwambia ndiyo kanuni. Kanuni! Kama vile kanuni haina mama. Basi kaeni vizuri, wasomi mkae mbele kabisa, msikie kilichowapita darasani.

Zamani hizo, vilima vikiwa bado vichanga, watu wote walisema kwa njia moja: mtendaji kwanza. Uji ukimwagika hukuweza kusema uji umemwagika, wakakuelewa. Ulisema, "Fulani amemwaga uji," na Fulani akajulikana mpaka ng'ambo ya mto. Na mtu akifa, jina lake lilikoma kutajwa, maana maiti hatendi kitu, na asiyetenda hakuwa na mahali pa kukaa katika maneno ya watu.

Kijiji cha Mwatale ndicho kilichozidisha. Wao walikuwa na mpiga mbiu, kijana aitwaye Mkude, mwenye sauti ya kuangusha kanga mtini, na majivuno ya kutosha vijiji vitatu. Kila asubuhi alipanda kichuguu, akapuliza pembe, akatangaza nani kafanya nini. Aliyetajwa kwa baya, majirani walikwenda mlangoni kwake wakapindua chungu chake cha kupikia, kinywa chini. Tangu hapo hakuna aliyekula tena kutoka mkononi mwake. Mkude aliwataja watu akicheka. Hakuwahi kugeuka kutazama chungu kikipinduliwa.

Mkude hakuwa na baba wala mama. Alilelewa na bibi yake, Bibi Siwema, mtunza mbegu wa kijiji. Mtama wa kupanda wa Mwatale nzima ulikaa nyumbani kwake, ndani ya mtungi, umechanganywa na majivu, umezibwa kwa udongo. Na watoto wote wa kijiji walikuwa wamepitia kwenye kata yake ya uji. Kulisha watu ndiyo ilikuwa raha yake, hakuwa na nyingine.

Lakini uzee ukamwingia kichwani. Alianza kumwita Mkude kwa jina la marehemu baba yake, ingawa lilikuwa limekoma kutajwa. Mkude aliitika tu. Yeye mwenye mdomo wote ule hakumsahihisha hata mara moja.

Mwaka mmoja njaa ilikuja kabla ya mvua. Watoto walilia mpaka wakachoka kulia. Siku moja Mkude alitoka kuchimba mizizi mwituni, akakuta ua wa bibi yake umejaa watoto, matumbo yamejaa, wengine wamelala palepale na uji kidevuni. Bibi Siwema alikuwa anakwangua chungu, anatabasamu.

"Karibu, baba," alisema. "Wanangu wameshiba."

Mkude alitazama kona ya nyumba. Mtungi ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na majivu matupu.

Asubuhi akili ya bibi ilirudi, kama ilivyokuwa na mazoea ya kwenda na kurudi. Aliuona mtungi. Akakaa chini taratibu.

"Mkude, mimi ndiye nimepika mbegu?"

Mkude aliufunika mtungi.

"Nenda kapande kichuguu. Unitaje. Sauti hiyo nimeikuza mimi kwa uji wangu, mjukuu wangu, usije ukaitetemesha mbele za watu kwa ajili yangu." Kisha akakitoa chungu chake nje, akakiweka karibu na mlango, wasipate shida ya kukitafuta.

Mkude alikiona kile chungu. Akapanda kichuguu. Pembe ilitoa sauti ya mbuzi mgonjwa, watu wakacheka. "Leo vipi, bwana mkubwa? Umemeza kanga wako?"

Alifungua kinywa. Jina la bibi yake lilikuja mpaka kwenye meno, akaliuma. Likarudi chini. Kilichotoka kilikuwa maneno ambayo hayajawahi kusikika:

"Mbegu... zimepikwa."

Mzee Lukwele, mkuu wa kijiji, alichezesha sikio kwa kidole. "Zimefanya nini?"

"Zimepikwa, mzee wangu."

"Nani kazipika?"

"Zimepikwa. Watoto wameshibishwa. Tutapanda nini?"

Watu walitafuta jina mwanzoni mwa maneno, hawakulikuta. Walichokikuta pale mbele ni mbegu. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza Mwatale, hakuna aliyekimbilia mlango wa mtu. Walisimama wakifikiria mbegu.

Na hapa ndipo penye utamu. Karibu kila nyumba ilikuwa na kikonzi cha mtama kimefichwa darini, kinyume cha agizo la kijiji kwamba mbegu zote zikae kwa Bibi Siwema, na hakuna aliyethubutu kukitoa, maana angetangazwa: fulani ameficha mbegu. Basi kulipokucha tena, chini ya kichuguu palikuwa na rundo la mtama, limewekwa juu ya ungo. Mkude alipuliza pembe, safari hii ikalia vizuri.

"Mbegu zimeletwa!"

"Nani—" Mzee Lukwele alianza, kisha akayakumbuka masizi ya darini yaliyokuwa bado mabegani kwake. "Sawa. Zimeletwa. Tukapande."

Chungu cha Bibi Siwema hakikupinduliwa. Mkude alikirudisha ndani mwenyewe, akakoka moto.

Bila shaka wajanja hawakukosekana. Mmoja wao, Dihenga, alisimama hadharani na mafuta mdomoni akasema, "Jamani, mbuzi wa Mzee Lukwele amechinjwa." Kijiji kizima kikamjibu kwa pamoja: "Na nani?" Hapo ndipo mlango mdogo ulipofunguliwa nyuma ya sentensi, mtendaji aingizwe humo pakiwa na haja.

Mvua ikanyesha, mtama ukazaa, na baada ya mavuno Bibi Siwema akafa usingizini. Kwa desturi, jina lake lilitakiwa kukoma siku hiyo. Mkude alipanda kichuguu, watu wazima na watoto wakamtazama. Hakuwa na majivuno yoyote usoni.

"Tulilishwa," alisema. Kisha akaufungua ule mlango wa nyuma, akamkaribisha humo bibi yake. "Sote hapa tulilishwa na Bibi Siwema."

Watu wakayarudia maneno hayo polepole, mpaka watoto.

Na tangu siku hiyo watu wana njia mbili za kusema jambo. Habari ilivuka mito na bahari, ikawafikia hata Waingereza, nao wakaigeuza mtihani, kama kawaida yao. Kwa hiyo mtoto akikwama na daftari lake, mwambieni asiogope. Aliyesogezwa nyuma hakufukuzwa. Mara nyingine amewekwa pale ili jina lake liwe la mwisho kubaki mdomoni.